Sura ya Nne: Kiko cha Mbelgiji

Ziwa Kivu halina mamba. Wavuvi wa Kirotshe huingia majini usiku bila kumwogopa, watoto huogelea ukingoni, na akina mama hufua nguo maji yakiwafika magotini. Anayetoka Uvira au Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika ambako mamba yupo na anaua, husita siku za kwanza, kisha naye huzoea. Hata hivyo, muulize mtu mzima wa ukingo huu habari za Mamba Muntu. Atakueleza nywele zake, saa yake ya mkononi, nyoka wake, mali anazogawa na masharti anayodai. Ziwa lisilo na mamba halikukosa Mamba Muntu.

Mtu mwenye haraka atasema hapo ndipo ukweli unapokoma na sanaa inapoanza. Mimi naona mpaka huo umepandwa mahali si pake. Picha za ajabu za Congo, zile zinazowafanya wageni waulize kama mchoraji alikuwa ndotoni, zilichorwa na watu waliokuwa macho kabisa. Sehemu kubwa ya mambo yanayoamua maisha ya watu wa nchi hii haionekani, na ni vigumu kujadiliana na jirani jambo lisiloonekana mpaka limepewa umbo na kutundikwa ukutani. Ndiyo hoja ya sura hii, na nimechagua kuitazama kutoka Kirotshe kwa sababu hapa hata ardhi yenyewe iko upande wangu.

Kirotshe iko ukingo wa magharibi wa Ziwa Kivu, katika usultani wa Wahunde, teritwari ya Masisi, kwenye barabara inayotoka Goma, ikapita Sake na kuteremka kuelekea Minova na Bukavu. Mkono mmoja ni maji. Mkono wa pili vilima vinaanza kupanda pale pale barabarani: migomba, maharage, viazi, na juu zaidi malisho ya ng'ombe ambayo wageni hupenda kuyafananisha na Uswisi. Vijana hupita na chukudu zilizolemewa makaa na kabichi, baiskeli zile za mbao tupu zisizo na pedali, zenye magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu. Kwa jicho ni nchi ya wakulima na wavuvi, basi.

Sasa shuka chini ya kile unachokiona. Ndani ya ziwa hili, lenye kina cha karibu mita 480, vilindi vimeshika kiasi cha kilomita 300 za ujazo za gesi ya kaboni, na kama 60 za methani. Gesi hiyo imelala huko kwa uzito wa maji yaliyo juu yake. Ziwa Nyos la Kamerun, dogo mno ukililinganisha na Kivu, lilitapika gesi yake usiku mmoja wa Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao, wengi wao wakiwa usingizini. Rwanda imekwisha anza kuvuta methani ya Kivu na kuigeuza umeme. Mtambo wa KivuWatt unatoa megawati 26. Yaani taa ya nyumbani huko ng'ambo inawashwa na kitu ambacho mvuvi wa Kirotshe amepita juu yake maisha yake yote bila kukiona wala kukinusa.

Kisha kuna mazuku. Kati ya Goma na Sake, na ukingoni mwa ziwa, gesi ya kaboni hupenya kutoka ardhini na kutuama mabondeni, maana ni nzito kuliko hewa. Haina rangi. Alfajiri, kabla upepo haujaamka, bonde linaweza kuwa limejaa hadi kiunoni mwa mtu: mtu mzima anayetembea wima anapita salama, mbuzi wake anaanguka, na mtoto anayeinama kumwokota mbuzi anaanguka pia. Ukiteremsha kandili inayowaka ndani ya shimo la mazuku, mwali unazimika na mafuta bado yamo. Wazee hawakuwa na kipimo cha kemia. Waliziita pepo mbaya, wakaonyesha watoto mahali zilipo, na watoto waliosikia waliishi.

Hata kile kinachoonekana hakikuwapo daima. Usiku kutoka vilimani utaona taa za wavuvi wa sambaza zimetandaa ziwani, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukining'inia chini ya mwanga. Ungeapa kwamba sambaza ni wa hapa tangu babu wa babu. Samaki huyo aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akamwagwa Kivu kwa mkono wa binadamu. Upande wa Sake, lava ya Nyamulagira iliingia ziwani kati ya 1938 na 1940 na kuibana ghuba ya Kabuno mpaka ikabaki na mlango mwembamba. Na kabla ya historia ya mtu yeyote, volkano za Virunga ziliyazuia maji yaliyokuwa yakielekea kaskazini, yakatafuta njia ya kusini kupitia Ruzizi. Mtu aliyezaliwa kati ya mambo haya hahitaji kufundishwa kwamba uso wa kitu na kitu chenyewe ni viwili.

Ulaya ilihitaji kufundishwa, na somo hilo lilizua makelele. Mwaka 1924 mjini Paris, André Breton alitoa ilani ya kundi la washairi na wachoraji waliojiita Wasurealisti. Walikuwa vijana waliotoka kwenye vita vya 1914 hadi 1918, wameona ustaarabu uliojisifia akili ukichinja mamilioni kwa mpango na hesabu. Wakaamua akili ya mchana haiaminiki. Wakaitafuta ya usiku: ndoto, maneno yanayomtoka mtu bila kukusudia, vitu viwili visivyojuana vikikutanishwa mezani. Salvador Dalí, mwaka 1931, akachora saa zilizolainika na kuning'inia. Wengi wao walikuwa watu makini kuliko masimulizi yanavyowaonyesha. Mwaka huo huo wa 1931, Paris ilipofanya maonyesho makubwa ya kusifu makoloni, Wasurealisti walitoa karatasi ya kuwaomba watu wasiende, wakafungua maonyesho yao ya kupinga. Nawaheshimu kwa hilo.

Mbelgiji René Magritte ndiye anayetuhusu zaidi. Mwaka 1929 alichora kiko cha kuvutia tumbaku, safi, kimekamilika, kinachong'aa, kama katika tangazo la duka. Chini yake akaandika kwa mwandiko wa mwalimu wa shule kwamba hicho si kiko. Alikuwa na haki. Huwezi kukitia tumbaku. Ni rangi juu ya turubai. Tangu hapo kiko hicho kimechapishwa katika vitabu vya sanaa vya dunia nzima, na wanafunzi wa Ulaya hufundishwa kwacho kwamba picha inadanganya.

Mwaka huo huo wa 1929, mjini Brussels, katika Palais des Beaux-Arts, zilitundikwa picha za rangi ya maji za Albert Lubaki, mchonga pembe kutoka Bukama, Katanga. Miaka mitatu kabla, mwaka 1926, ofisa wa kikoloni aitwaye Georges Thiry alipita Bukama akaona nyumba za udongo zilizopambwa kwa picha kutani. Akamtafuta mchoraji, akampa karatasi na rangi ili kazi isiyeyuke na mvua. Mke wa Lubaki, Antoinette, naye alichora. Karatasi zikapelekwa Brussels kwa Gaston-Denys Périer, aliyekuwa akifanya kazi katika Wizara ya Makoloni na kupenda sanaa. Baada ya Brussels zikaonyeshwa Geneva 1930 na Paris 1931. Lubaki aliweka watu, ndege, chui na miti pamoja juu ya karatasi nyeupe isiyo na ardhi wala mbingu. Hakuna kinachosimama juu ya kitu, na hakuna kinachoanguka. Wakosoaji wa Ulaya waliona humo ndoto. Nikitazama picha hizo naona ukuta wa nyumba: mchoraji wa ukutani hana haja ya kuchora ardhi, ardhi iko pale chini, unaikanyaga. Ilipohamishiwa kwenye karatasi, ardhi ikapotea njiani, na pengo lile likasifiwa kama maono.

Katika miaka ya 1930 uhusiano kati ya Brussels na Bukama ukakatika, na habari za akina Lubaki zikakoma. Magritte aliishi hadi 1967 na kufa akiwa maarufu. Lakini kiko kilikuwa na safari nyingine huku kwetu, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike sura hii.

Miaka ya 1960 na 1970, katika kambi za wafanyakazi wa migodi na mitaa ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ilikuwa kawaida kukuta sebuleni picha ya kununuliwa kwa mchoraji mpita njia. Turubai lake lilikuwa gunia la unga lililofuliwa, likakazwa kwenye fremu ya mbao. Moja ya picha zilizopendwa sana iliitwa Colonie belge. Mandhari yake haibadiliki sana. Ni uwanja wa gereza. Mfungwa amelazwa kifudifudi, suruali imeteremshwa, na askari Mwafrika mwenye kofia nyekundu ameinua kiboko. Wafungwa wengine wenye sare za milia wanabeba mizigo. Wanawake wameleta chakula na wanasubiri. Pembeni amesimama Mbelgiji, amevaa nguo safi na kofia ya jua, na mara nyingi mdomoni ana kiko.

Kitazame kiko hicho kwa karibu. Hakimpigi mtu. Hakina kazi yoyote katika tukio. Ni ishara ya mtu asiye na haraka, ambaye wakati wake ni wake, anayeweza kusubiri viboko viishe tumbaku ikiwaka polepole. Mchoraji angeweza kumpa bunduki au kidole cha kuamrisha. Akampa kiko, na kwa kiko peke yake ukaelewa serikali nzima: mkono unaopiga ni wa ndugu yako, na anayetawala anavuta moshi. Magritte alikuwa na hakika kwamba kiko kilichochorwa si kiko. Mfungwa aliyelazwa chini katika picha ya Lubumbashi angemjibu kwamba kiko kile kilikuwa kiko kweli, kwamba mamia ya watu walikinusa. Naamini wote wawili walisema kweli, ila wa pili amesema jambo lililogharimu zaidi.

Na kwa nini mtu atundike viboko sebuleni, mahali anapokula na wageni? Ukoloni ulikuwa umekwisha. Bendera ilikuwa ya Rais Mobutu. Hapo ndipo picha ilipofanya kazi yake ya pili. Baba mwenye nyumba angeweza kuonyesha Mbelgiji na kusema: tazameni jinsi walivyotutesa wakati ule. Hakuna askari ambaye angemkamata kwa maneno hayo. Wageni wangetazama yule anayepigwa, anayepiga, na anayeangalia, wakafikiri habari za wiki iliyopita, kisha mazungumzo yakaendelea kwa sauti ya chini. Picha za aina hiyo, Walubumbashi walisema, lazima ziwe na ukumbusho. Isiyo na ukumbusho ilikuwa pambo tu, na pambo halikuwa na bei nzuri.

Mkubwa wa wachoraji hao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake katika picha mia moja na moja, kuanzia wahenga hadi siku zake, na kila picha aliisimulia kwa Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, mbele ya kinasa sauti cha mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Hakujiita mchoraji tu, alijihesabu mwanahistoria. Historia ya namna gani, ikiwa mambo mengi aliyoyachora hakuyaona? Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Congo, alipouawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na wenzake Mpolo na Okito, Tshibumba alikuwa kijana mdogo. Alichora miili mitatu imelala chini, na nyuma yake misalaba mitatu juu ya kilima, kama Golgotha.

Weka picha hiyo kando ya kumbukumbu za serikali. Februari 1961 serikali ya Katanga, iliyokuwa imejitenga, ilitangaza kwamba wafungwa wale walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Huo ulikuwa ukweli rasmi, wenye tarehe na mhuri. Uchunguzi wa baadaye ulithibitisha kwamba walipigwa risasi porini mbele ya mawaziri wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji, kisha polisi Mbelgiji Gérard Soete akaifukua miili na kuiyeyusha kwa asidi. Hakukuwa na misalaba wala kilima wala kaburi. Kilichobaki ni jino alilolichukua Soete. Tarehe 20 Juni 2022 Ubelgiji ulilikabidhi jino hilo kwa familia. Likasafirishwa ndani ya jeneza la kawaida la mtu mzima, likazungushwa nchini, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Jeneza kamili kwa ajili ya jino moja: Dalí hakuwahi kuchora kitu kama hicho. Kati ya tangazo la serikali na misalaba ya Tshibumba, misalaba ndiyo iliyokuwa karibu na kilichotendeka. Ilisema wameuawa na wakubwa, wamekufa wasio na hatia, na watarudi kudai.

Sasa Mamba Muntu naye tunaweza kumtazama bila kumdharau. Katika picha ni mwanamke anayekaa juu ya jiwe au kwenye ukingo wa maji, ngozi yake nyeupe au ya maji ya kunde, nywele ndefu nyeusi zimemwagika begani. Kuanzia kiunoni ni samaki, magamba yamepangwa moja moja kwa uvumilivu. Nyoka amemzunguka. Mkononi ana saa, na karibu naye pana kitana na kioo. Mwanamume anayeokota kitana chake au unywele wake atatembelewa usiku, atapewa utajiri, kwa sharti la kunyamaza na kutokuwa na mke mwingine. Akisema, mali yote inaondoka, na mara nyingine mtoto wa nyumbani anaondoka nayo.

Asili ya sura yake inajulikana, na inashangaza. Miaka ya 1880 kiwanda cha Friedländer cha Hamburg, Ujerumani, kilichapa picha ya rangi ya mwanamke mcheza nyoka, kwa ajili ya kutangaza maonyesho. Karatasi hiyo ilifika Afrika Magharibi, ikapendwa, ikanakiliwa. Mwaka 1955 kampuni moja ya kalenda ya Bombay iliichapa upya nakala 12,000 kwa oda ya wafanyabiashara wa Kumasi. Kutoka hapo sura ile, nywele zile na nyoka yule vilisambaa pwani na bara, Mami Wata huku, Mamba Muntu kule, hadi kuta za baa za Congo. Mwanamke wa sarakasi ya Hamburg amekuwa mwenye maji yetu. Sioni aibu katika hilo. Sambaza naye ni mgeni, na tunamla.

Ni sura tu iliyoazimwa. Jambo lenyewe halikuazimwa. Katika nchi ambamo jirani anatajirika ghafla na mwingine anafukarika ghafla, na hakuna daftari linaloonyesha fedha zilikotoka, watu wanahitaji namna ya kuuliza swali. Huko Masisi, kwenye machimbo ya Rubaya, kijana anachimba koltani kwa koleo na nyundo. Madini yanapitia mikono mingi na kuishia ndani ya simu inayotengenezwa bara jingine. Njia nzima ya mali hiyo haionekani kwa anayechimba. Anaona tu kwamba fulani amejenga nyumba ya matofali na haongei. Utajiri wenye masharti ya ukimya, unaodai mtoto wa mtu: Mamba Muntu anaueleza kwa usahihi unaonitia hofu.

Picha ya tatu iliyoenea pamoja na hizi mbili inaitwa Inakale, na kwa mtu wa Kivu naiona ndiyo nzito kuliko zote. Mtu amekimbilia juu ya mti. Chini simba anamsubiri. Mtoni mamba amefungua kinywa. Juu ya tawi lile lile nyoka anateremka. Mchoraji anaisimamisha hapo. Haonyeshi kabla wala baada. Mtazamaji wa mbali huona kichekesho au jinamizi. Mtazame kwa macho ya familia ya ukingo huu wa ziwa. Nyuma ya Goma kuna volkano ya Nyiragongo, iliyopasuka Januari 2002 na kuingiza lava katikati ya mji, kisha tena tarehe 22 Mei 2021. Mbele kuna ziwa lenye gesi. Na vilimani kuna bunduki, kwa zaidi ya miaka thelathini sasa, majina ya makundi yakibadilika na mizigo ya wanaokimbia ikibaki ile ile: godoro, sufuria, mtoto mgongoni. Januari 2025 vita vilipoifikia Minova na kisha Goma, barabara hii ya Kirotshe ilikuwa tena njia ya watu waliokuwa wakichagua kati ya simba na mamba. Inakale haikuchorwa kwa ajili yao, ila hakuna ripoti niliyosoma inayowaeleza vizuri hivyo kwa nafasi ndogo hivyo.

Kuna mgeni mmoja aliyekuja Kivu na kufanya vilima vya Masisi viwe vya ajabu mbele ya dunia, na haki yake lazima itajwe. Ni Richard Mosse, mpiga picha wa Ayalandi. Alianza kufika mashariki mwa Congo mwaka 2010, akiwa na filamu ya Kodak iitwayo Aerochrome ambayo ilikuwa imeacha kutengenezwa. Filamu za aina hiyo zilibuniwa kwa ajili ya jeshi. Jani hai linarudisha kwa wingi mwanga ulio ng'ambo ya wekundu, ambao jicho la binadamu halina uwezo wa kuuona. Wavu uliopakwa rangi ya kijani haurudishi hivyo. Filamu inaugeuza mwanga huo kuwa wekundu au waridi, na adui aliyejificha chini ya wavu anabaki doa lenye rangi tofauti. Kwa filamu hiyo Mosse alipiga malisho ya Masisi, kambi za waliohama makwao na wapiganaji. Majani yote yakatoka waridi. Mwaka 2013 kazi yake ya video, The Enclave, ilionyeshwa Venice katika banda la Ayalandi kwenye skrini sita ndani ya chumba chenye giza, na mwaka 2014 alipata tuzo ya Deutsche Börse.

Wako waliomlaumu kwamba ameipamba vita. Lawama hiyo siikubali moja kwa moja. Waridi ule haukubuniwa; mwanga ule unatoka kweli kwenye majani ya Masisi kila asubuhi, juu ya ng'ombe na juu ya maiti, na sisi tumenyimwa tu jicho la kuuona. Katika hilo Mosse ni ndugu wa mchoraji wa Mamba Muntu: wote wamekipa rangi kitu kilichopo na kisichoonekana. Ninachomlaumu ni kingine. Ndani ya chumba kile cha Venice mtazamaji anazungukwa, anashangaa, anaumia pengine, halafu anatoka nje kwenye jua bila mtu wa kumuuliza chochote. Watu wa Masisi wamo ndani ya picha, wananyamaza. Picha ya gunia la unga haikuwahi kuachwa peke yake namna hiyo. Ilitundikwa nyumbani ili baba aielekeze kwa kidole, mama amkatize, mzee jirani aseme hapana, haikuwa hivyo, mimi nilikuwapo. Mpaka kati ya sanaa na ukweli ulikuwa unawekwa hapo, kwa mabishano, na kila sebule iliuweka mahali pake.

Kinshasa wachoraji walilijua hilo na wakatafuta njia ya kuyatia mabishano ndani ya turubai. Chéri Samba, aliyeanza kwa kuchora mabango ya maduka, alijaza picha zake maandishi ya Kifaransa na Kilingala, ili anayepita barabarani alazimike kusimama na kusoma. Pierre Bodo, aliyekuwa pia mchungaji wa kanisa, alikwenda kwenye ndoto waziwazi. Paris iliwaonyesha wote wawili mwaka 2015 katika maonyesho makubwa ya Fondation Cartier yaliyokusanya miaka tisini ya sanaa ya Congo, kuanzia akina Lubaki. Ilikuwa heshima iliyochelewa.

Tshibumba hakuiona. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani aliko. Picha zake za historia ziko Amsterdam, katika hazina ya makumbusho yaliyojulikana kama Tropenmuseum, na Fabian alizichapisha kitabuni mwaka 1996 pamoja na masimulizi yake kwa Kiingereza. Ila mazungumzo yenyewe, kwa Kiswahili kama yalivyotamkwa, nayo yamewekwa kwenye intaneti, ukurasa baada ya ukurasa. Ni Kiswahili cha Lubumbashi, kimechanganyika na Kifaransa, na mtu wa Kirotshe atakielewa bila mkalimani. Wasomi wengi wa Ulaya wanaoandika juu ya Tshibumba hawawezi kusema hivyo. Shule yoyote ya hapa yenye mwalimu wa historia na jirani mwenye mashine ya kutoa kopi inaweza kuchapa picha kumi na masimulizi yake na kuzibandika darasani. Ningeanza na Colonie belge. Ningewaachia wanafunzi swali moja, wakalipeleke pia nyumbani kwa wazee wao: kati ya watu wote walioko katika uwanja ule wa gereza, nani leo ameshika kiko?